Kibla cha Amman

Mwaka ule kila aliyepanda ngazi za ofisi ya marehemu Mhandisi Munther alikuwa na swali moja mdomoni: "Vipi, kazi zipo?" Na Widad, bintiye aliyeirithi ofisi, alikuwa na jibu moja: "Alhamdulillahi, tunasukuma." Kusukuma gani! Mtu anasukuma kitu kinachokwenda. Amman nzima ilikuwa imeacha kujenga. Benki zilipandisha riba, wenye viwanja wakaketi juu ya viwanja vyao, na ghorofa zilizokwisha zilikaa na mabango ya kuuzwa mpaka jua likayala maandishi. Widad alikuwa akipeleka manispaa ramani tatu kwa wiki. Sasa akipeleka moja kwa mwezi, karani alimkaribisha kwa chai.

Mtaani kwao Luweibdeh zilikuwapo ofisi nne za usanifu wa majengo. Moja ikageuka mkahawa wa vijana. Ya pili ilifunga mlango bila hata kuaga. Ya tatu ilihamia Riyadh yote pia, kompyuta, viti na wahandisi, ikamwacha mlinzi tu. Ikabaki ya Widad, na humo wafanyakazi kumi na wawili walikuwa wamebaki saba.

"Bosi, sisi tunangoja nini?" Qusai alimuuliza asubuhi moja. Qusai alikuwa msanifu kijana, kazi anaijua, mdomo hauna breki. "Riyadh wanajenga mji mzima kabla wewe hujamaliza kuchora jiko. Binamu yangu yuko kule. Kuna kampuni ina nyumba mia mbili na kumi na mbili, mchoro mkuu wanao, wanatafuta ofisi ya kuwachorea mambo ya ndani. Milango, ngazi, mabomba."

"Yaani nguo akate mwingine, sisi tushone vifungo."

"Tushone vifungo, tule."

Widad alikasirika, kisha akapiga hesabu ya watu saba na watoto wao, hasira ikamtoka. Baba yake alikufa akijisifu kwamba hakuna nyumba iliyotoka ofisini kwake ambayo hakuichora mwenyewe tangu msingi. Basi yeye aliyaweza hayo kwa sababu alifia katika miaka mizuri. Widad akaukubali mkataba. Aliyemwonea haya si baba yake aliye kaburini, ni Abu Farah.

Abu Farah jina lake Mitri, Mkristo wa Madaba, mtu wa miaka sitini na minane. Aliingia ofisini kabla Widad hajazaliwa. Hakuwa mhandisi, alikuwa mchoraji wa ramani, na kazi yake ilikuwa mawe. Nyumba ya Amman huvishwa mawe kuanzia chini hadi juu, na yeye aliyachora jiwe moja moja, hili limechongwa kwa tindo, hili laini, hapa pembeni yanakutana hivi. Ofisi nyingine zilibonyeza kitufe na kompyuta ikajaza ukuta mzima. "Hayo si mawe," alikuwa akisema, "hayo ni madoa." Kompyuta alijifunza akiwa na miaka hamsini na tano, huku akiitukana, na akaendelea kuchora jiwe moja moja ndani yake.

Nyumba za Riyadh zilikuwa za kupigwa plasta. Jiwe hata la dawa halikuwemo.

"Ami," Widad alimwambia, amesimama kando ya meza yake kama mtoto aliyevunja sahani, "kazi ya mawe hatuna safari hii. Kuna majiko na vyoo."

Mzee alimtazama juu ya miwani. "Vyoo mia mbili?"

"Zaidi. Kila nyumba ina vinne."

"Lo! Hao watu wanakula nini?" Akacheka mwenyewe. "Lete, mwanangu, lete. Mawe huyatazama wageni, choo hukitumia mwenye nyumba. Usiniangalie hivyo, sijafa."

Na katika vyoo hakuwapo wa kumfundisha Abu Farah. Widad alipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akija ofisini kwa baba yake wakati wa likizo, alichora nyumba yake ya kwanza akajiona amefika. Abu Farah akaitazama, akaizungusha karatasi, akashika kichwa. "Mtoto wa Kiislamu wewe! Mimi ndiye nikufundishe? Hiki choo umekielekeza kibla. Mtu hakai chooni akaelekea kibla, wala hakipi mgongo. Mwenye nyumba akigundua atakivunja, halafu atamtukana baba yako." Tangu siku hiyo Widad hakukosea tena. Mzee mwenyewe, kwa miaka arobaini na minne, hakuwahi kukosea hata kimoja. Hakuhitaji dira. Kibla cha Amman kiko kusini, kimeinamia mashariki kidogo, basi mkono wake ulikilaza kila choo kati ya mashariki na magharibi, bila hata kufikiri.

Sasa sikilizeni balaa lilikotoka. Riyadh iko upande mwingine kabisa wa Makka. Mtu wa Riyadh akisali huelekea magharibi. Hilo si siri, analijua mtoto wa chekechea, Abu Farah alilijua, Widad alilijua, na Qusai naye na mdomo wake alilijua. Lakini kujua kwa kichwa ni jambo moja, na mkono wa miaka arobaini na minne una mambo yake. Mzee alivilaza vyoo vyote mashariki na magharibi. Na nyumba zote mia mbili na kumi na mbili zilipangwa kwa safu, mlango ama kaskazini ama kusini, kwa hiyo hakikupona hata kimoja.

Widad alizikagua ramani zile. Wallahi alizikagua, msimdhanie uvivu. Siku tatu alikuwa nazo mezani, na vyoo alivitazama hasa, kwa sababu alijua Wasaudi hawana mchezo katika hilo. Akaviona vimelala vile alivyozoea kuviona maisha yake yote, akaridhika. Palepale, katika chumba kile kile, akasali adhuhuri akielekea dirisha la kusini, akakunja msala, akapiga muhuri.

Aliyeligundua kosa hakuwa mhandisi. Alikuwa fundi vigae wa Kimisri. Alasiri moja alitaka kusali ndani ya nyumba ambayo haijawekwa milango, akauliza kibla, akatandika kipande cha boksi, akanyanyua macho. Mbele yake, kupitia uwazi wa mlango, bakuli jipya la choo lilikuwa limempa mgongo na kuelekea kule kule anakoelekea yeye. Akamwita msimamizi. Msimamizi akaenda nyumba ya pili, ya tatu, ya kumi, akakaa chini kwenye mfuko wa saruji. Nyumba sitini zilikuwa zimekwisha kumwagwa zege, na mabomba yamo humo ndani ya sakafu.

Siku ya pili yake Widad na Qusai waliketi chumba cha mikutano mbele ya kompyuta, na upande wa pili, Riyadh, alikuwa Bwana Mishari, meneja wa mradi. Mtu mpole. Afadhali angekuwa mkali.

"Mhandisi Widad," alisema, "kuvunja tutavunja, hilo ni la mafundi. Taabu yangu ni bodi. Wazee wa bodi wananiuliza, hawa watu wa Amman ni Waislamu kama sisi, haiwezekani wakakosea vyoo mia nane. Wanasema ni dharau. Nikiwaambia ni uzembe wa mhandisi aliyepiga muhuri, mkataba unavunjwa leo, na watakushitaki kwenye chama chenu cha wahandisi. Nisaidie. Niwaambie nini?"

Widad alifungua mdomo. Alikuwa na nia ya kusema muhuri ni wangu. Nia alikuwa nayo, nami simnyimi. Lakini aliwaza watu saba, akawaza jina la baba yake mlangoni, na mdomo ukasema mengine.

"Mchoraji wetu ni Mkristo," alisema. "Hakujua."

Uso wa Mishari ulikunjuka. "Ahaa! Sema hivyo basi. Hakujua."

"Hakujua," Widad akarudia.

Ukuta wa chumba kile ulikuwa wa kioo, tena mlango haukuwa umefungwa. Abu Farah alikuwa hatua nne tu kutoka hapo, akichora jiko. Widad aligeuka akaona mgongo wake. Mzee aliendelea na jiko lile mpaka saa tisa, akalimaliza, akazima kompyuta, akavaa koti. Akawaaga wote kwa majina, kama kila siku. Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hakuja.

Widad alishika simu mara kumi akaiweka chini mara kumi.

"Amejiondoa mwenyewe, bosi," Qusai alisema. "Kwa kweli ametusaidia."

"Qusai, nyamaza."

"Mimi nasema tu kwamba—"

"Nimesema nyamaza! Yule amekula chumvi ofisini humu wewe hujui hata kushika penseli!"

Qusai akanyamaza, na hilo lilikuwa la kuandikwa.

Wiki ilipokwisha, ikaja barua ya Riyadh. Bodi imesamehe. Mkataba unaendelea, na nyumba nyingine mia tatu zinafuata, kwa sharti kwamba ofisi irudie ramani bila malipo, na ilete tamko lililotiwa saini na mchoraji mwenyewe. Tamko lenyewe wakili wao alikwisha kuliandika: Mimi fulani, nisiye Mwislamu, nakiri kwamba sikuwa na habari yoyote kuhusu sharti la vyoo na kibla, wala sikufundishwa, na kwamba siko tena katika ofisi hiyo. Lifike Jumapili.

Widad alilisoma amesimama. Usiku hakulala, lakini hayo ni ya kwake. Asubuhi alikaa akaandika barua nyingine: Muhuri ni wangu, mchoraji alijua kuliko mimi, sote tulisahau tunauchorea mji gani. Ilikuwa barua fupi, tena ya kweli. Akaisoma mara mbili. Mlango wa pili Qusai alikuwa akiimba huku akirekebisha vyoo, na mhasibu alikuwa akizungumza na mwanawe kwa simu habari ya ada ya shule. Widad akaifuta.

Jumamosi akaendesha gari hadi Madaba. Njia nzima alijiambia: nitamwomba radhi kwanza. Nitamwambia kila kitu, nimsomee karatasi neno kwa neno, kisha achague yeye. Akikataa, nitarudi mikono mitupu na liwalo na liwe. Alijiambia hivyo mpaka akafika mlangoni.

Aliyefungua alikuwa Umm Farah, mkewe Mitri, jina lake Najla, mwanamke mnene mwenye sauti. Akambusu mashavu yote mawili, akamvuta ndani. "Haya, mpaka mtu aseme anaumwa ndiyo mnakuja? Tazama ulivyokonda! Huko Amman hawapiki? Mitri! Mitri, njoo uone nani kaja!"

Abu Farah alitoka uani amevaa sweta, mikono ina udongo. Alikuwa akipogoa mzabibu. Alinawa, akampa mkono, akauliza hali ya mama yake, hali ya ofisi, hali ya barabara. Hakumuuliza amefuata nini. Kwao haulizwi mgeni. Akaleta mdila mwenyewe, akamimina kahawa chungu kidogo ndani ya finjani, akampa kwa mkono wa kulia.

Na hapo Widad akafanya jambo ambalo mpaka leo hajui kama alilipanga njiani au lilimtoka. Finjani hakuipeleka mdomoni. Akaiweka mezani mbele yake, imejaa, akakunja mikono.

Umm Farah, aliyekuwa akiingia na sinia la biskuti, akasimama palepale. Kwao watu hawaweki finjani chini ovyo ovyo. Hufanya hivyo wazee waliokuja kuposa, au kupatanisha damu. Mgeni hanywi mpaka apewe haja yake, na mwenyeji hamwachii mgeni kahawa ikapoa, maana hiyo ni aibu ya nyumba nzima. Tena mwenyeji muungwana haulizi kwanza haja ni ipi. Anatoa neno, ndipo anaelezwa.

Abu Farah alicheka. "Ala! Tangu lini umekuwa mzee wa kabila? Umekuja kumposa nani? Mwanangu Farah ana mke na watoto wanne, na mimi huyu hapa hanipi ruhusa."

"Nitakutoa hata bure," Umm Farah alisema, lakini macho yake yalikuwa kwenye finjani.

"Ami," Widad alisema, "nina haja."

"Nimeona."

"Kubwa."

Widad alijua sasa ndiyo saa ya kusema: ngoja, usitoe neno, nisikilize kwanza. Maneno alikuwa nayo yote. Akayanyamazia.

"Kunywa kahawa yako, mwanangu," Abu Farah alisema. "Ulilolijia umelipata."

Widad akanywa. Kisha akafungua mkoba akatoa karatasi.

Mzee alivaa miwani akasoma, na alisoma kama alivyosoma ramani, mstari kwa mstari, akirudi nyuma. Umm Farah alirudi jikoni na sinia lake kutafuta sahani.

"Nilikosea," mzee alisema hatimaye. "Hilo ni kweli. Niliketi hapa wiki nzima nikijiuliza, Mitri, ulikuwa wapi? Mkono ulibaki Amman, mwanangu. Hili la kukosea naliandika hata mara mia."

"Najua, Ami."

"Lakini hapa pameandikwa sikujua."

"Ndivyo wanavyotaka."

"Ndivyo wanavyotaka, au ndivyo walivyoambiwa?"

"Mimi ndiye niliyewaambia."

"Nilikusikia." Hakuinua sauti. "Nikilifuta neno hili moja? Nikaandika hapa, nilijua nikasahau?"

"Hawatakubali, Ami. Wakijua kwamba ulijua, wataniuliza mimi nilikuwa wapi."

Mzee akatikisa kichwa, kuonyesha ameelewa. Akaitazama finjani iliyokuwa mbele ya Widad.

"Na umekwisha kunywa," alisema.

Widad alitaka kulia na hakuweza. Alitaka kuinyakua karatasi ile aichane, mkono ukabaki mapajani. Nami nasema wazi, angeweza. Hakuna aliyemfunga. Neno alilotoa mzee lilimfunga mzee peke yake, na Widad ndiye pekee chumbani mle aliyeweza kumfungua.

Abu Farah aliomba kalamu. Akatia saini kwa herufi zake ndogo zilizosimama wima, zile alizoandikia majina ya nyumba nusu ya mtaa wa Luweibdeh.

"Karatasi ya nini hiyo, Mitri?" Umm Farah aliuliza, akirudi na sinia. Miwani yake ilikuwa chumba cha pili.

"Ya kazi. Vile vyoo vya Riyadh. Wanauliza kama nilikuwa na habari ya kibla."

"Kama ulikuwa na habari?" Umm Farah akaangua kicheko mpaka akaliweka sinia chini. "Wewe? Wewe uliyeingia kwa jirani hapo, Haji Nayef, kumpongeza kwa nyumba mpya, ukamwambia choo chako haramu, akavunja na sisi tukanuniwa mwaka mzima? Mkristo gani mwingine Madaba nzima anagombana na Mahaji habari ya kibla?" Akajifuta macho, akamgeukia mgeni. "Mwambie wewe, Widad. Waambie hao watu wa Riyadh wampigie simu, awape somo."

Widad alimtazama Abu Farah. Abu Farah alikuwa akiikunja karatasi mara mbili, kwa uangalifu, kingo kwa kingo.

"Sikujua, Najla," alisema. "Yale ya Haji Nayef nilibahatisha tu."

Kicheko cha Umm Farah kikakatika. Akamtazama mumewe, kisha akamtazama Widad, akangoja. Alingoja sana, uso umemwelekea yeye, mtoto wa nyumba, kwamba atasema kitu.

Widad aliipokea karatasi akaitia mkobani. Akasema njia ya Amman jioni hujaa magari, afadhali aondoke mapema.